Nilificha Mistari Yangu, Nikamtwika Shemeji Lawama

Kosa ni langu. Nalisema mapema kabisa, kabla sijaanza kulizungusha, maana najijua: nikipewa dakika mbili za kujieleza nitakuwa nimeshampata mtu mwingine wa kumbebesha.

Jina langu siliweki hapa. Bukavu tunajuana, na wanaonijua wameshacheka vya kutosha. Wengine bado wanacheka! Juzi pale Nyawera nilipanda moto, yaani pikipiki ya abiria, dereva akageuza shingo akaniuliza kama mimi ndiye "ule wa ordinateur ya Walungu", yaani yule wa kompyuta. Nikamwambia hapana, nikashuka, nikatembea kwa miguu kwenye vumbi kama mtu aliyefika anakokwenda.

Kazi yangu ni ufundi wa mtandao. Kampuni yetu ni ndogo. Tunapeleka intaneti kwa antena kwenye mashule, hoteli na parokia, kuanzia mjini mpaka huko Walungu. Mafundi tulikuwa wawili, mimi na Déo, chini ya bosi wetu tunayemwita Maman Directrice. Déo ni mtu mpole, anakula sambaza zake, vile visamaki vya ziwani, mchana bila kumsumbua mtu. Ndiye aliyenialika kwao siku ya ubatizo wa mtoto wake. Hapo nikamwona dada yake Noella akigawa sahani, nami nikasahau kula. Baada ya hapo mambo yalienda haraka, Noella akanikubali, na Déo akaanza kuniita "beau", yaani shemeji.

Sasa nisikilize vizuri, maana usipoelewa hili hutanicheka inavyopaswa.

Intaneti ya wateja wetu wote inapita kwenye swichi moja. Usifikirie kisanduku chenye taa. Swichi hii ni programu tu ndani ya kompyuta ya ofisini, na inafanya kazi kama polisi wa barabarani aliyepewa amri zake kwa maandishi: anayetoka shule hii, mpitishe huku, anayetoka hoteli ile, mpeleke kule, huyu, mtupe. Kila amri ni mstari mmoja, na kila mstari una alama ya aliyeuandika. Alama ya Déo ni tatu. Yangu ni saba.

Kitu kikiharibika, fundi anaiambia swichi: nionyeshe mistari yako yote. Mama weee! Inakumwagia mamia ya mistari, na kila mmoja una mkia mrefu nyuma yake: umeishi sekunde ngapi, umepitisha pakiti ngapi, vile vipande vya data, za uzito gani. Unasoma mpaka macho yanatoa machozi. Ndiyo maana mafundi wote wanachuja. Unakata mikia, unaondoa mistari isiyopitisha kitu, unabaki na michache inayohusu shida yako. Kuchuja si dhambi, hata unga wa muhogo tunauchekecha kabla ya kusonga.

Basi nami nikaandika kichujio changu mwenyewe. Nikakipa na jina: Propre, yaani safi. Kilikata mikia, vizuri. Kiliondoa mistari isiyopitisha kitu, sawa. Halafu siku moja, nikiwa na haraka ya kwenda kumwona Noella, nikaona mistari mingi iliyobaki kwenye kioo cha kompyuta ni yenye alama saba, yangu mwenyewe. Nikajiambia: hii ya nini kunijazia kioo? Niliiandika mimi, naijua kwa kichwa, iko sawa. Nikaongeza kipande kidogo kwenye kichujio: usinionyeshe alama saba.

Umenipata? Nilitengeneza chombo cha kutafutia makosa, halafu nikakikataza kuyaona yangu! Na nilijisifu nacho, jamani. Nilimwonyesha Maman Directrice, akasema "très bien" bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake. Nilimwonyesha Déo, akatazama kioo, akakuna kidevu.

"Beau, na ya kwako iko wapi?"

"Ya kwangu naijuaka."

"Aah. Sawa."

Akarudi kwenye sambaza zake. Mimi nikamwona kama mtu wa zamani kidogo, anayependa kusoma mistari yote mmoja mmoja na mikia yake.

Sasa twende Walungu.

Baba yake Noella alishafariki. Mwenye neno katika ukoo wao ni kaka mkubwa wa baba, wanayemwita Papa Mukubwa, ambaye amezeekea Canada. Ng'ombe wetu wa mahari alikuwa ameshatangulia kwao siku za nyuma, jike zuri lenye doa jeupe usoni, ambalo mama yangu alilichagua mwenyewe akilipapasa mgongo kama anachagua kitambaa. Kilichobaki ilikuwa siku ya neno. Familia mbili zinakaa, vinywaji vinafunguliwa, msemaji wetu anaomba, msemaji wao anamzungusha, watu wanacheka, na mwisho mwenye ukoo anasema: tumepokea. Bila neno hilo, ng'ombe wako ni mgeni tu anayekula majani ya watu.

Papa Mukubwa alikubali kulisema neno hilo kwa video. Sharti lake lilikuwa moja. Aliwatumia sauti, tukaisikiliza wote sebuleni kwa mama yake Noella:

"Siwezi toa mutoto ya ndugu yangu kwa mutu sijaona uso yake."

Wangeweza kutumia mtandao wa simu kama kila mtu. Mvua ikinyesha unayumba kidogo, lakini unafika. Mdomo wangu ukakataa. Sherehe ilikuwa ifanyike kwenye salle ya shule moja, yaani ukumbi wake, pale Walungu, na shule ile ni mteja wetu! Nikajitokeza kifua mbele.

"Maman, musihangaike na réseau ya simu. Nitaleta connexion ya kwetu. Papa Mukubwa mutamuona mupaka meno."

Mama yake Noella akafurahi, akanipa kiti karibu yake. Siku moja kabla ya sherehe nilienda kujaribu. Nikafungua ukurasa wa habari, ukafunguka. Nikatuma ujumbe, ukaenda. Picha, ikafika. Nikafunga mkoba. Video sikuijaribu. Fundi mzima! Nilikuwa nimeahidi video, nikajaribu kila kitu isipokuwa video.

Kwetu, siku ya neno bwana harusi hana mdomo. Anakaa, anatazama viatu vyake vipya, anasemewa na wakubwa. Tonton wangu, mdogo wake baba, ndiye aliyekuwa msemaji wetu, na aliniweka sawa tukiwa bado garini.

"Leo weye uko meza. Umesikia? Meza haisemaki. Mutu akikuuliza kitu, ni mimi nitajibu."

"Ndiyo, tonton."

Salle ilijaa. Akina maman wa pande zote mbili wamejifunga vikwembe vyao, wazee mbele, kasiksi, pombe yetu ya ndizi, imeshaanza kuzunguka, mvua inapiga mabati. Noella alikuwa bado amefichwa chumba cha pili na wenzake. Déo, kama mwana wa nyumbani, alikuwa anabeba kreti za vinywaji. Wasemaji wakasukumana kwa maneno matamu, tonton wangu akapigiwa makofi. Kisha msemaji wao akasema wakati umefika wa kumsikia mwenye ukoo. Nikawasha projekta, ukuta ukawaka, nikampigia Papa Mukubwa.

Ikaita. Jina lake likatokea ukutani. Kisha kiduara kikaanza kuzunguka.

Kikazunguka, kikazunguka. Ukoo mzima ukakitazama kiduara. Nikakata, nikapiga tena. Kiduara. Nikapiga tena. Kiduara kile kile! Nyuma msichana mmoja akacheka, mwingine akamziba mdomo.

"Mwanangu," mama yake Noella akaniambia kwa upole, "tumupigie simu ya kawaida tu, tumusikie."

Wakampigia simu ya kawaida, wakaongeza sauti, wakailaza juu ya meza ya wazee. Sauti ya Papa Mukubwa ikaja vizuri kabisa, kama yuko hapa mjini, Bagira.

"Nabasikia bote. Lakini uso? Nilisema uso."

Hapo ndipo ningekaa kimya. Tonton angeomba radhi, wangecheka, tungesubiri mvua ipungue, tungetumia simu ya mtu yeyote. Tonton alinibana mguu chini ya meza kunikumbusha mimi ni nani siku hiyo. Nikasimama.

Nikafungua kompyuta, nikaingia kwenye swichi ya ofisini kupitia connexion ile ile ya salle, nikaita Propre. Nilisahau kwamba projekta bado inawaka. Ukoo mzima ukaiona orodha ukutani, mistari michache, safi, inapendeza. Na unaohusu salle ile ulikuwa mmoja tu. Alama tatu.

Mstari wenyewe ulisema hivi: kinachotoka salle ya shule, pitisha. Pitisha, jamani! Mtoto wa shule ya msingi angeusoma akaona hauna kosa. Lakini ulikuwa umebaki peke yake kwenye ukuta, na mimi nilikuwa nimesimama mbele ya wakwe nikihitaji mkosaji. Nikachukua mikrofoni.

"Bazee na bamaman, mutusamehe. Kosa nimeiona. Iko pale, alama tatu. Ni Déo njo aliandika."

Vichwa vyote vikageuka. Déo alikuwa na kreti mikononi. Akaiweka chini taratibu.

"Beau, ile inapitishaka. Angaria ya kwako kwanza."

"Ya kwangu iko propre!"

Ndivyo nilivyosema, kwenye mikrofoni. Halafu, ili kila mtu aone fundi ni nani, nikaufuta mstari wa Déo mbele ya macho ya watu wote. Nikapiga kitufe kwa kidole kimoja, mkono juu, kama padri anayebariki.

Mungu wangu! Mstari ule ndio uliokuwa unabeba salle nzima. Nilipoufuta, hata ule ujumbe na zile picha vikakata. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimeingia kwa njia hiyo hiyo, kwa hiyo nikajifungia nje. Sikuweza kurudisha kitu. Nilikata tawi nililokalia, na nikalikata kwa madaha! Nikabaki napiga vitufe ovyo ili watu wafikiri bado nafanya kazi.

Simu ya mezani ilikuwa bado hewani. Sote tuliisahau isipokuwa mwenyewe aliyekuwa upande wa pili.

"Ule anasema, ni nani?" Papa Mukubwa akauliza.

Mzee mmoja akainama juu ya simu. "Ni fiancé, Papa Mukubwa."

"Na ule Déo anasemwa, ni Déo wetu?"

"Ni yeye."

Nilisikia mtoto akicheza kwao kule Canada.

"Basi uso yake nimeshaiona. Mukule, mukunywe, murudi nyumbani muzuri. Neno yangu nabakia nayo."

Akakata simu. Nilitazama viatu vyangu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Hawakutufukuza. Watu wa kule wana heshima zao. Walitupa chakula, na mama yake Noella akasema siku nyingine itapangwa, mambo ya mashine yanatokea. Kwa hiyo mlango ulikuwa bado wazi, nataka ulishike hilo. Garini tonton hakuniangalia mpaka tulipoanza kuteremka kuelekea mjini.

"Nilikuambia uko meza," akasema. Na hilo likawa neno lake la mwisho kwangu siku hiyo.

Sikuishia hapo. Nilipopata mtandao wa simu nilimpigia Maman Directrice arudishe salle ya shule, maana mkurugenzi wa shule alikuwa ameshaanza kupiga kelele. Akaniuliza ni nani aliyekata shule nzima Jumamosi mchana. Nikamwambia ni mstari wa Déo ulileta matatizo. Ona ninavyojua kupanga maneno! Sikusema Déo alikata. Nilisema mstari wa Déo.

Jumatatu akamwita Déo ofisini na kumwambia akae nyumbani kwanza mpaka atakapoamua. Déo akasema sentensi moja tu: "Maman, mustari yangu inapitisha." Akachukua bakuli lake la chakula, akaondoka. Aliponipita hakunitazama vibaya. Nilimwonea huruma kidogo, kama mtu anavyomhurumia mkosaji.

Siku iliyofuata umeme ulikatika, betri ya kompyuta yangu ikafa, nikaenda kutumia ile ya mapokezi, inayoendeshwa na betri za akiba. Haina Propre. Nilipoiomba orodha ya swichi, ikaja mbichi, yote, na mikia yake. Nikaanza kusonya. Kisha nikasoma mstari wa juu kabisa.

Alama saba. Kinachofanana na video kutoka salle ya shule ya Walungu: tupa.

Nikakumbuka. Miezi mingi nyuma, shule ililalamika kwamba wanafunzi wanajifungia salle kutazama mechi na mtandao unakuwa mzito kwa walimu. Nikawaandikia mstari ule wa kuzuia video, kwa muda, mpaka Jumatatu. Jumatatu ile ikapita. Zikapita na Jumatatu nyingine zote, na mstari ukaendelea kutupa kila kinachopita, kwa bidii ambayo mimi sina. Kwenye mkia wake kulikuwa na idadi ya pakiti ulizotupa. Namba ndefu! Humo ndani kulikuwa na uso wa Papa Mukubwa, ukitafuta njia ya kutufikia, na uso wangu mimi ukitafuta njia ya kumfikia yeye.

Nilisikia joto kwenye masikio. Nikaangalia kama mtu wa mapokezi ameona. Alikuwa anakula njugu.

Hebu niambie, wewe ungefanya nini? Simu ilikuwa mfukoni. Namba ya Déo ilikuwa ya kwanza. "Beau, nisamehe, ni mimi." Maneno manne, na yeye angecheka, namjua. Mimi nilifanya hivi: niliufuta mstari wangu kimyakimya, nikafunga kompyuta, nikaenda kununua maandazi. Nikayala yote. Nikajiambia nitasema baada ya ndoa, tukiwa tumekaa, tumeshiba, itakuwa hadithi ya kuchekesha ya familia. Ndivyo mwoga anavyopanga mambo yake, kila kitu ni baada ya ndoa.

Sasa kuna jambo ambalo nikilikumbuka naona aibu mpaka leo, hata nikiwa peke yangu.

Kesho yake Noella alinifuata kazini. Alinisubiri nje, upande wa pili wa barabara, na kikwembe chake cha kwenda kanisani. Hakuwa amekuja kugombana.

"Déo halalaki," akaniambia. "Anasema mustari yake haina kosa. Mimi sijue mambo ya ordinateur. Nakuuliza weye. Ni kosa yake?"

Kumbe alikuwa amekuja kunifungulia mlango! Angenisikia. Nilimwona kwenye macho kwamba alikuwa tayari kusikia lolote. Na mimi nilikuwa najua. Nilikuwa najua tangu asubuhi ya jana yake, maandazi yakiwa bado yamenikaa tumboni.

"Ordinateur haidanganyaki," nikamjibu.

Alinitazama kidogo zaidi ya kawaida. Akasema "sawa", akakaza kikwembe chake, akavuka barabara. Nikajipongeza kwamba sikusema uongo kamili, maana kweli ordinateur haidanganyi. Unaona nilivyo? Hata uongo nauchuja!

Kilichonitoa kwenye shimo hakikuwa wema wangu, usinisifu. Mwisho wa wiki Maman Directrice alisema ameamua, kesho Déo aje achukue vitu vyake, na mimi nimtafutie fundi mwingine. Nikafikiria kiti cha Déo kimekaliwa na mtu mwingine, na Déo nyumbani na mtoto yule aliyebatizwa. Nikashika mlango.

"Maman, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Kosa. Ni ya kwangu. Tangia mwanzo."

Nikamwonyesha. Orodha kwa Propre, kisha orodha bila Propre. Mstari wenyewe nilikuwa nimeufuta, kwa hiyo nikauandika upya, safari hii kwa intaneti ya ofisi, nimwonyeshe ulivyokuwa, nikampigia simu kwa video akaona kiduara. Mhasibu akaja kutazama, mlinzi naye akasogea mlangoni. Maman Directrice akavua miwani.

"Donc, ulikuwa unatafuta mwizi mu nyumba yote, na weye ulishajitoa mu liste?"

"Ndiyo, Maman."

Akacheka mpaka akafuta machozi. Mhasibu akacheka. Mlinzi akacheka, ingawa sidhani kama alielewa. Kisha akaacha kucheka, akarudisha miwani, akamwita Déo kwa simu mbele yangu na kumwomba radhi. Tangu siku ile swichi ni ya Déo peke yake. Mimi napanda milingoti kukaza antena, hasa mvua ikitisha, kwa sababu antena huwa zinalegea siku hizo.

Jioni ile ile nilikwenda kwa Noella. Aliniwekea kiti uani, si ndani, nikajua kazi ipo. Nikasema yote, sikuacha kitu, hata maandazi nilitaja. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Ile ya Walungu nilishakusamehe mbele hata tutoke mu salle," akasema. "Mutu anaweza kosa. Nilichekaka hata, nikiwa peke yangu. Lakini nilikuya kwako nikakuuliza. Ile siku, ulikuwa unajua?"

Ningeweza kusema sikuwa najua. Wazo hilo lilinijia, nakiri mbele yenu.

"Nilikuwa najua."

Akatikisa kichwa polepole. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, mwanaume mzima, kwenye kiti cha plastiki.

"Mu nyumba kitu kinaharibikaka kila siku," akasema. "Chumvi itazidi, mutoto ataanguka, mulango itabakia wazi. Sitaki nizeeke na mutu mwenye kila mara atasema kosa ni ya kwangu."

Nikamwomba anipe muda. Akanyanyuka, akasema giza linaingia na kufika Kasha, ninakokaa, ni mbali.

Jumamosi iliyofuata mama yangu alikuwa anaanika maharage mbele ya nyumba yetu hapo Kasha. Akawaona wanashuka njiani: Déo, wazee wawili wa kwao, na ng'ombe mwenye doa jeupe usoni. Hawakuhitaji kusema kitu. Ng'ombe akirudi, maneno yameisha. Mama akakaa chini pale pale, juu ya maharage yake.

"Nyamuzinda," akamwita Mungu kwa sauti ndogo.

Walikuwa wamemtunza, jamani. Alirudi mnene kuliko alivyoondoka, manyoya yanang'aa, na hilo lilinichoma kuliko kama wangemrudisha na mbavu nje. Déo alimsalimia mama yangu kwa mikono miwili. Akanywa maji aliyopewa, akashukuru. Kisha akanigeukia, akanipa kamba.

"Bonjour, collègue." Mwenzake wa kazi, basi, si "beau" tena.

Nikaipokea kamba. Nilitaka kumwambia neno, lakini alikuwa ameshaanza kupanda kilima na wazee wake.

Basi ng'ombe yuko nyuma ya nyumba. Mama amekataa kumuuza. Kila asubuhi anatoka na kumsalimia kama mkwe wake, kwa sauti, ili nisikie nikiwa kitandani: "Bonjour, belle-fille! Umeamuka?" Majirani wanafurahi sana. Na mimi ndiye ninayempeleka malishoni kabla ya kazi. Akina maman wanaotoka misa ya alfajiri wananikuta njiani na kamba mkononi, wananiuliza kwa upole wote harusi ni lini. Nawaambia bado tunapanga.

Sasa wewe unayenisoma, fundi au si fundi, nisikie. Chuja, kata mikia, safisha kioo chako upendavyo, hiyo ni kazi. Lakini siku utakapotafuta aliyeharibu kitu, ofisini au nyumbani kwako, mistari yako mwenyewe iwe ya kwanza kuisoma, na uisome na mikia yake yote. Usimsimamishe mtu mbele ya ukoo wake kwa sababu tu jina lake ndilo lililobaki ukutani.

Na ukigundua ni wewe, kwa jina la Mungu, usiende kununua maandazi! Piga simu hapo hapo, na masikio yako yakiwaka moto. Video ile watu walinisamehe, hata Papa Mukubwa alimwomba Maman Directrice nisifukuzwe kazi, nilikuja kuambiwa baadaye. Kilichonimaliza ni siku zile chache nilizokaa najua na nimenyamaza. Noella aliniuliza mara moja tu. Nimeshampigia mara nyingi tangu hapo kumjibu, na simu inaita mpaka inakatika.